Moshi wa Nyumba ya Chini

Mwalimu hakupenda kuitwa Mwalimu wa Nyota. Jina hilo alipewa na vijana wa pikipiki pale senta ya Chonyonyo, na kila alipolisikia alisimama, akageuka, akasahihisha. "Nyota sikuzisoma mimi. Nilisoma galaksi. Tena si kwa mwanga huu wa kuonea njia. Nilizisoma kwa joto lake." Vijana walilisubiri sahihisho hilo kama watu wanavyosubiri mpira uanze. Alijua wanamchezea, na alisahihisha hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, mvua au jua.

Mimi nilimwita Mwalimu tu. Yeye aliniita Katibu, ingawa ukatibu wa chama cha msingi cha kahawa nilishaupoteza zamani, kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilimwomba aache. Akasema, "Cheo kinashika kama moshi unavyoshika koti. Fua utakavyo, kitabaki."

Kibanja changu cha migomba na chake vinatazamana, katikati kuna bonde jembamba. Nyumba yake ya matofali ilikuwa juu, karibu na barabara. Chini yake, ndani kabisa ya migomba, ilikuwa nyumba ya wazazi wao, ya udongo, na humo aliishi dada yake mkubwa, peke yake. Kutoka nyumba hii hadi ile unaweza kwenda na kurudi chai ikiwa bado ya moto. Lakini walikuwa hawasemezani. Nalitaja mapema kwa sababu kila nikimkumbuka Mwalimu narudi hapo hapo. Alikuwa mzee, macho yake yalikuwa yanakufa kwa presha ya macho, na alitaka jambo moja tu kabla hayajazimika kabisa: dada yake amsemeshe. Hakuomba kusamehewa. Hilo aliliona kubwa mno. Alitaka neno, lolote.

Kwetu nyumba hazionekani. Ukisimama mahali palipoinuka asubuhi unaona migomba, kilima baada ya kilima, na juu ya migomba unaona moshi. Kila moshi ni mji wa mtu. Mwanamke ameamka, amechochea mafigani, moshi umepenya paani na kupanda juu ya majani, na jirani wa ng'ambo anajua kwamba fulani yu hai. Mzee anayeishi peke yake asipoonekana moshi wake, anatumwa mtu. Hakuna aliyetufundisha hilo. Mama yangu alikuwa akisema tu, "Kwa fulani hapajafuka," na hayo yalitosha mtu kuacha jembe shambani.

Mwalimu alikuwa na kichuguu chake mwisho wa kahawa zake. Kila asubuhi alipanda juu yake, amevaa mabuti ya mvua na koti zito la sufi alilotoka nalo ng'ambo, ambalo hakulivua hata jua likiwaka, akitazama moshi wa mteremko mzima. Nikipita kwenda shambani aliniita.

"Katibu! Ule moshi mwembamba kushoto ni wa nani?"

"Wa fundi cherehani."

"Umekosea. Wa fundi uko nyuma yake. Huu ni wa mjane. Inama kidogo, utaona umekatika mahali pawili."

"Mwalimu, mimi nina magugu yananisubiri."

"Magugu hayakimbii. Wa tatu?"

Wa mwisho ulikuwa daima ule wa nyumba ya chini. Huo hakuniuliza. Aliutazama tu, kisha akashuka, na siku yake ikaanza.

Kazi yake ya ng'ambo ilikuwa hiyo hiyo ya kichuguuni, alisema, ila kwa umbali mwingine. Alinieleza mara nyingi, na mimi nina elimu ya sekondari tu, kwa hiyo nitasema nilivyoelewa. Galaksi ni mji wa nyota zisizohesabika. Ndani yake kuna vumbi, na nyota nyingi huzaliwa ndani ya vumbi hilo, zikafichwa nalo, kama nyumba zetu na migomba. Ukitazama kwa darubini ya kawaida utasema hapa pana giza, hapa hapana mtu. Lakini vumbi linalokunywa mwanga wa nyota hupata uvuguvugu, na uvuguvugu huo hutoka kama mwanga mwingine ambao jicho halina habari nao. Aliuita infraredi ya mbali. Karibu nusu ya mwanga wote ambao nyota zimewahi kuutoa umemezwa na vumbi, na asiyepima huo uvuguvugu ameikosa nusu ya ulimwengu. Siku aliyonieleza hilo tulikuwa kilabuni, tunakunywa rubisi ya ndizi. Aliinama kwenye jiko la mwenye kilabu, akaweka kiganja juu ya majivu. "Unaona moto?" Nikasema sioni. "Weka mkono." Nikaweka, nikautoa haraka. Kilabu kizima kilicheka. Mwenye kilabu akatuambia tutoke jikoni kwake, wazee wazima.

Shida ya mwanga huo ni kwamba picha zake ni za ukungu. Mahali penye galaksi nne unaona doa moja. Kwa hiyo baada ya darubini kupiga picha, watu walikaa wakilinganisha kila doa na picha nyingine zilizo safi, wakiuliza joto hili ni la nani, la huyu au la yule wa nyuma yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mwalimu. Hata baada ya kustaafu na kurudi nyumbani, wenzake wa huko walimwachia kipande cha anga, na kila siku yenye jua la kutosha kwa sola yake aliketi mbele ya kompyuta akigawa madoa kwa wenyewe. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani anacheza bao.

"Na ukikosea?" nilimuuliza.

"Ukikosea unampa mfu moto wa aliye hai. Vitabu vinajaa uongo, na hakuna anayelia. Ndiyo maana kazi hii inafaa watu waoga."

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu mwema tu. Alikuwa mchoyo wa sukari. Ukija kwake chai ilikuja na kijiko kimoja ambacho alikitia mwenyewe. Hakumwazima mtu jembe. Kanisani kwetu, sisi Walutheri, aliimba besi kwa nguvu kuliko wote na nje ya sauti kuliko wote, na mwalimu wa kwaya alipomgusia jambo hilo alinuna mpaka Pasaka. Aliweza kungoja mwaka mzima kujua habari ya galaksi moja, lakini hakuweza kungoja zamu mashineni ya kusaga mahindi. Mtoto akimsalimia "shikamoo" huku anatembea, alimrudisha asalimie akiwa amesimama. Senene walipoanguka, mteremko mzima ukiwa nje na ndoo, yeye alijifungia ndani kwa sababu taa zetu zilimharibia anga; kesho yake alikuja kuomba wa kukaanga.

Jingine alilokuwa akirudia ni habari ya jicho baridi. "Jicho lenye joto lake haliwezi kuona joto la mwenzake," alisema. "Litajiona lenyewe." Darubini yao ilipelekwa mbali angani, kwa sababu hewa yetu na unyevu wake huzuia mwanga ule, na ndani yake waliweka gesi ya heliamu iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, ili vipimo visiwe na joto lao wenyewe. Heliamu hiyo ilikuwa inaisha kidogo kidogo, haiongezwi. Siku itakapoisha, darubini inakuwa kipofu milele. Kwa hiyo walifanya kazi kama watu wanaovuna mbele ya mvua.

Ni katika mavuno hayo mama yao alipougua. Dada mtu alipiga simu, akapiga tena. Mwalimu alisema atakuja ubaridi ukiisha. Mama akafa. Dada akapiga simu ya tatu, kumwambia wanasubiri wamzike. Mwalimu akasema wasisubiri.

Alinisimulia hayo mara moja tu, tukiwa tunapalilia maharage yake, hakuinua uso. "Nilikuwa nimefundishwa kuwa baridi, Katibu. Nikaiweza kazi."

Aliporudi, darubini ikiwa imekufa, dada yake alimpokea mlangoni pa nyumba ya chini. Mimi nilikuwepo, nimebeba begi lake. Akamtazama tangu mabuti hadi kofia. Akasema, "Wewe huna moto." Akaingia ndani, akavuta mlango. Hayo yakawa maneno ya mwisho.

Kuanzia hapo mimi nikawa daraja lao. Mwalimu angenituma, "Mwambie nimeuliza hali yake." Ningeshuka migombani, nibishe hodi, niseme shikamoo dada, aniitikie marahaba, anipe kigoda.

"Mdogo wako anauliza hali."

"Moshi wangu ameuona?"

"Ameuona."

"Basi hali yangu anaijua."

Nikipanda na kumpa jibu hilo, alifurahi kama mtu aliyeletewa barua ndefu. Alianza kumlipa mtu amshushie kuni, mzigo baada ya mzigo, ziachwe nyuma ya nyumba kimya kimya. Dada alijua zimetoka wapi. Kuni zake alizipokea. Maneno yake hakuyapokea. Na kila asubuhi aliziwasha mapema, hata siku ambazo, kwa macho yangu, hakuwa na cha kupika. Nilimkuta mara moja amekaa mbele ya moto mkubwa na hakuna chungu juu yake. Nikauliza anapika nini. "Napika moshi," akasema, na akanikazia macho nisithubutu kucheka.

Alikuwa fundi wa kahawa ya kutafuna. Alichemsha buni mbichi kwenye chungu kikubwa na majani yake yenye harufu, akazikausha, akawapa wageni wakaribishwe nazo mlangoni kama walivyofanya wazee. Kila mgeni alipata, hata mkusanya kodi. Mwalimu hakupata. Kila nilipoondoka alinitilia mbili kiganjani. Siku moja akanitilia tatu. Nilizitafuna zote nikipanda mteremko, nikitazama mbuzi wa watu. Nilifika juu mdomo mtupu, na hapo ndipo likanijia wazo la ile ya tatu. Sikumwambia Mwalimu. Mpaka leo sijui dada alikosea kuhesabu au mimi nilitafuna jibu la mtu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ilikuja familia ya wafugaji kutoka pande za Kaisho, watu wa sala, wapole, na ng'ombe wachache waliobaki baada ya ukame. Walitafuta mahali pa kutua. Mimi nina kipande cha nyasi nyuma ya migomba ya nyumba ya chini, kilichokaa bure tangu mgongo wangu ulipokataa. Nikawapa wakae. Nilifikiria samadi kwa kahawa yangu, sitasema nilifikiria zaidi ya hapo. Wakajenga kibanda na zizi. Na wafugaji, kama mjuavyo, alfajiri huwasha moto zizini wa mavi makavu na nyasi mbichi, ufuke sana, uwafukuze nzi na kuwatuliza ng'ombe kabla ya kukamuliwa.

Ukisimama kichuguuni kwa Mwalimu, zizi hilo liko mstari mmoja na nyumba ya chini. Moja mbele, moja nyuma. Sikumwambia kuwa kuna mji mpya pale. Sikumficha, sikukumbuka tu. Kwangu ilikuwa habari ya samadi.

Siku chache baadaye nilimkuta juu ya kichuguu, anatabasamu. Macho yalikuwa yamepungua sana wakati huo, alishaanza kuvaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Tazama Katibu. Moshi wa dada leo ni mnene. Ana wageni."

Nikatazama. Kweli, ulikuwa mnene, mweupe, umelala juu ya migomba kama blanketi. Nami, nisemeje, nikatoa neno la kumfurahisha mzee. "Labda anachemsha kahawa."

"Kahawa!" akasema. "Ndiyo. Msimu wake huu. Anachemsha kahawa." Alishuka kwenye kichuguu akiwa mwepesi, akanifuata mpaka mpakani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Ukimpitia," akasema, kisha akaacha. "Hapana. Usimwambie kitu. Mwache achemshe."

Kesho yake moshi ulikuwa vile vile. Tukasimama wote wawili. Alisema safari hii lazima ni chungu kikubwa, cha kugawia mteremko wote, na mtu akigawia mteremko wote, je, atamruka mmoja? Nikasema hawezi. Alinyoa ndevu siku hiyo. Nilimwona mchana amekaa mlangoni, amenyoa, amevaa shati la kanisani chini ya koti, hana pa kwenda.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa pale pale kichuguuni tulipomwona mke wa mfugaji akipanda mbio kutoka migombani, amebeba kibuyu cha maziwa, maziwa yanamwagika kwenye kanga yake.

"Waitu, jamani," alisema, hana pumzi, "yule mama wa chini. Nimempelekea maziwa tufahamiane. Nimebisha, kimya. Yuko chini, mdomo umepinda. Na mafiga yake ni baridi. Majivu ya zamani."

"Si kweli," Mwalimu alisema. "Moto upo. Ninauona moshi."

"Ule ni wetu, mzee. Ni wa ng'ombe."

Sijui niuelezeje uso wake. Alivua miwani ya juu, akavua na ya chini, akatazama upande ule kwa macho matupu ambayo hayakuona kitu tena. "Wenu," akasema. "Uko nyuma yake." Akanigeukia. "Tangu lini kuna watu pale?"

Nikamwambia.

"Na ulijua."

"Nilijua, Mwalimu."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alianza kukimbia kuteremka, mtu ambaye hata njia haioni vizuri, akagonga mgomba, akaanguka, akainuka, akaanguka tena kwenye mfereji. Mimi na yule mama tukampita, kwa sababu aliyekuwa ndani ya nyumba alihitaji watu wenye miguu.

Alikuwa hai. Alilala upande mmoja karibu na mafiga, mkono umenyooshwa kuelekea kuni ambazo hazikuwashwa. Hakuna ajuaye alilala hapo tangu lini. Ngozi yake ilikuwa baridi mno hata mke wa mfugaji alimlalia juu kumpa joto mpaka gari lilipopatikana. Mwalimu alifika mlangoni, damu kwenye goti, na mlangoni akasimama. Hata wakati ule hakuvuka kizingiti. "Anapumua?" aliuliza. "Niambieni anapumua." Tukamwambia anapumua. Akakaa chini kwenye vumbi la uani.

Hospitali walisema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukafungwa. Mwalimu alikaa kwenye veranda ya wodi muda wote aliolazwa, akilala kwenye benchi na koti lake la sufi. Siku niliyomwingiza ndani, nikimshika mkono, dada alimtazama kidogo, kisha akageuza uso ukutani. Alikuwa na nguvu ya kufanya hivyo tu, na aliitumia.

"Amefanya nini?" Mwalimu aliniuliza, maana hakuona.

Nikasema amelala. Uongo huo pia nauandika hapa pamoja na makosa yangu mengine.

Dada alirudishwa nyumbani, kwenye nyumba yake ile ile. Alikataa ya matofali kwa kutikisa kichwa mpaka akatokwa jasho. Mke wa mfugaji akawa anamwogesha na kumlisha. Nilimwambia Mwalimu nitawahamisha wafugaji wale, niwatafutie mahali pengine. Alikasirika kuliko siku zote nilizomjua. "Uwahamishe? Bila yule mwanamke tungemjua kwa harufu! Acha kutafuta wa kumfukuza, Katibu. Aliyeshindwa kumtambua mwenye moshi ni mimi. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa hiyo moja." Halafu, taratibu, "Ungeniambia tu." Alilisema mara moja, na halikurudi tena mdomoni mwake. Mimi linanirudia kila ninapowasha moto.

Alikirudisha kipande chake cha anga. Aliwaandikia wenzake kwamba madoa yaliyobaki wampe mwingine, kwamba macho yake yamekwisha. Nilibisha. Nikamwambia nitakaa naye, nitamsomea, nitakuwa macho yake. Akacheka cheko moja kavu. "Wewe na mimi tulisimama kichuguuni, macho manne, tukamchemshisha yule mgonjwa kahawa ya kufikirika. Hapana. Acha galaksi za watu." Kompyuta akaifunika kwa kitambaa cha meza. Kichuguuni hakupanda tena. Kanisani aliacha kuimba, na mwalimu wa kwaya, aliyemsumbua miaka yote, akaja kuniuliza kama mzee ni mgonjwa. Vijana wa pikipiki wakimwita Mwalimu wa Nyota, alipita. Nadhani hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nilianza mimi kutazama moshi wake yeye, kila asubuhi, kabla sijanawa.

Dada mtu upande wa kushoto ulipata nguvu kidogo. Akaanza kujiwashia moto mwenyewe kwa mkono mmoja, hataki asaidiwe, anatumia asubuhi nzima. Lakini hakusema. Kwa mke wa mfugaji alionyesha kwa kidole, kwangu alitikisa kichwa. Daktari alisema pengine ulimi utarudi, pengine hautarudi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya masika haya. Ukungu ulikuwa umejaa bonde. Nilikuwa nakunywa uji niliposikia fimbo ikigonga mawe uani kwangu. Alikuwa Mwalimu. Alikuwa amevuka bonde peke yake, kipofu, amelowa hadi mapajani.

"Nipandishe kichuguuni," akasema.

"Leo haonekani mtu, Mwalimu. Kuna ukungu."

"Nipandishe."

Tukavuka tena bonde, mkono wake begani mwangu. Nikampandisha, nikapanda pembeni yake, wazee wawili juu ya nyumba ya mchwa. Akaelekeza uso wake chini, mahali pale pale, bila kukosea hata kidogo.

"Unaona nini?"

"Moshi."

"Wa nani?"

Nikatazama kwa bidii ambayo ningepaswa kuwa nayo siku ile. Zizi lilikuwa linafuka, hilo nililijua. Mbele yake, katika ukungu, huenda palikuwa na uzi mwingine mwembamba, huenda hapakuwa. Nilijua anachotaka kusikia. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kukitengeneza.

"Sijui," nikasema. "Siwezi kutenganisha. Labda ni mmoja, labda ni miwili."

Kisha akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Hilo ndilo jibu," akasema. "Picha ikikataa, unasogea karibu. Tushuke."

Tulishuka polepole, migomba inatumwagia maji. Mlango wa nyumba ya chini ulikuwa umefungwa. Sikubisha, aliniashiria nisibishe. Alipapasa ukuta wa nje, akizunguka nyumba kwa vidole, akavuka kona, akavuka rundo la kuni zake mwenyewe, mpaka akafika mahali ambapo mafiga yako upande wa ndani. Akavua kofia. Akageuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja kwenye udongo, kisha kiganja chenyewe, kisha shavu.

"Una joto," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, nadhani alisahau kuwa ukuta ni mwembamba. Ndani kitu kiligongwa chini. Halafu ikaja sauti ambayo sikuitambua, nzito, inayovutwa kama gogo kwenye matope, sauti ya mtu anayelibeba neno kwa mkono mmoja.

"Ge... nda."

Nenda zako. Katika lugha ya nyumbani hakuna namna nyingine ya kulielewa. Nilimshika Mwalimu mkono nimwondoe kabla hajaumia zaidi, lakini hakusogea. Shavu lake lilikuwa bado ukutani na machozi yalikuwa yanateremka kwenye udongo wa mama yake.

"Umesikia, Katibu?" alininong'oneza. "Amesema nami."

"Anakufukuza, Mwalimu."

"Nimesikia," akasema, akajishusha taratibu mpaka akakaa chini, mgongo kwenye ukuta ule wenye joto, mvua ikianza, na kwa miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona amevua koti.